Karani Aliyerudi Kuuliza

Anayewasomea ni mimi, Evodia Mughwai, mdogo wake marehemu. Kwa zaidi ya miaka arobaini, mtu akifariki hapa Iguguno, kazi ya kuandika maisha yake ilikuwa ya kaka. Safari hii hapakuwa na wa kumpelekea. Mnivumilie.

Calist Antipasi Mughwai alizaliwa Ikungi, siku ya Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1953, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Antipasi na Mama Janeth. Padre alitazama kalenda ya watakatifu, akampa jina la siku hiyo. Mama alikuwa amemchagulia jina tayari, lakini hakuulizwa. Mwaka 1958 baba alihamia hapa Iguguno kutafuta shamba, na hapa ndipo tulipokulia, katikati ya mahindi na alizeti.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 na kumaliza la saba mwaka 1968. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu alimwachia ubao. Kilichomshinda ni ushairi. Walihesabu silabi kwa vidole, na aliyekosea alichapwa kwa idadi ya silabi alizokosea. Kaka alitoka pale akiapa kwamba mashairi ni fimbo zenye vina. Alisoma sekondari Singida mjini hadi kidato cha nne, mwaka 1972, na katika miaka yote hiyo hakuligusa shairi ambalo halikuwa la mtihani.

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Alifanya kazi Manyoni, kisha Kiomboi, kisha karibu na nyumbani, hadi alipostaafu tarehe 14 Oktoba 2013. Hakupoteza jalada hata moja. Mnaikumbuka kofia yake ya kijivu. Aliivua mahali pawili tu, kanisani na mbele ya hakimu.

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na Cecilia Ntandu. Barua ya posa aliiandika mwenyewe, kwa lugha aliyoizoea, ikiwa na kichwa cha habari na kumbukumbu namba. Baba mkwe alijibu kwamba shauri limesikilizwa na mshtakiwa yuko tayari. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo nitakuwa nimemzika mtu mwingine. Kwa kuwa kaka alikuwa na taipureta na mwandiko wa serikali, kila msiba ulimfuata yeye. Na kaka, Mungu amrehemu, alikuwa na karatasi moja. Alibadilisha jina, tarehe na idadi ya watoto. Yaliyobaki hayakuguswa: marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi na mpenda maendeleo. Kuna mzee wa huku juu ambaye tangu nimjue hakuwahi kucheka hata siku ya Krismasi. Naye alisomwa mcheshi, na waombolezaji wakainamisha vichwa wakijifanya wanalia. Nilimwambia kaka, akanijibu kwamba fomu ni fomu.

Mwezi Machi 2017 alikuwa akirudi kutoka Manyoni kumsalimia binti yake Kristina. Basi liliposimama Mkiwa, msichana mmoja alikuja dirishani na vijitabu vilivyobanwa kwa pini. Jaladani palichorwa chupa yenye miale ya jua. Kaka aliona chupa ya maji ya baraka, akajua hiyo ni novena, sala za siku tisa, akanunua. Basi lilipoondoka alifungua kwa ishara ya msalaba, akakuta mashairi. Alikasirika, lakini alikuwa hana kingine cha kusoma. Karibu na Ikungi alifika ukurasa wa tisa:

*Wamesoma jina lako, mama,*
*nikageuka kumtafuta aliyekufa.*
*Mcheshi, wamesema. Mtu wa watu.*
*Wewe uliyeinua kila chupa juani,*
*ukaimwaga ikiwa na ukungu,*
*nani amekusoma wewe?*

Shairi halikuwa na kina hata kimoja, wala halikumhesabia mtu silabi. Kaka alilisoma, akarudia, akaendelea na mengine, akarudi tena kwa hilo. Basi likapita Singida, likapita Iguguno, yeye yumo tu. Alishushwa Misigiri, mtu ambaye hakuwahi kukosea hata tarehe ya kesi.

Alipofika nyumbani hakula. Alifungua kabati la nakala zake, akatafuta mwanamke aliyeuza mafuta ya alizeti barabarani, maana huku chupa inayoinuliwa juani ni ya mafuta, kuona kama ni safi. Akampata: Felista Msengi, aliyefariki Agosti 2015. Nakala iliyofuata ilikuwa ya mwanamume aliyefariki wiki hiyohiyo. Alizilaza mezani zote mbili, akamwita mkewe.

"Mama Leonidas," alisema, "nimewazika watu wawili kwa karatasi moja."

Wifi yangu alitazama, akamwambia siyo wawili, afungue kabati vizuri.

Wiki ileile alipanda gari kurudi Mkiwa. Msichana yule alikuwa Aneth, mtoto pekee wa Felista. Baada ya msiba alikwenda kuishi kwa mama yake mdogo huko Mkiwa, na alipofikisha miaka ishirini na miwili alichapa mashairi yake katika duka la kutoa kopi Singida mjini, nakala mia na hamsini, akayapanga na kuyabana mwenyewe. Alimpa kaka shikamoo, akamletea kiti na chai. Kaka aliniambia kwamba alikaa mahakamani miaka thelathini na minane na hakuwahi kuogopa kama alivyomwogopa mtoto yule. Alimwomba amweleze mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

"Mwaka ule hukuuliza, mzee," Aneth alisema. "Nilikutambua pale dirishani. Nilitaka ukisome."

Kaka hakujitetea. Alitoa daftari, akaliweka gotini, akangoja. Chai ilikuwa imepoa ndipo Aneth alipoanza kusema, na hakumaliza hadi ng'ombe waliporudi.

Novemba mwaka huo, ndugu walipokuja kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la Felista, kaka aliomba asome upya. Watu walinong'ona, kwa sababu nani husomewa maisha yake mara mbili? Alisimama, akaanza hivi: "Felista hakuwa mcheshi." Akaeleza jinsi alivyoinua kila chupa juani kabla ya kuuza, na ikiwa na ukungu aliimwaga hata kama mteja ameridhika. Akaeleza alivyoimba vibaya kanisani na kwa sauti kubwa, akijua. Akasema kwamba yeye mwenyewe aliyaandika yale ya kwanza bila kuuliza, na kwamba hilo ni kosa lake, si la Felista. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Aneth alisimama mbele, uso mkavu, hadi mwisho.

"Huyo ndiye mama," alisema.

Kuanzia hapo kaka aliugua ushairi, na sisi tuliomzunguka tulipata taabu. Alikariri kitabu kizima cha Aneth, mashairi thelathini na mawili. Aliwasomea kuku, mafundi waliokuja kuezeka, na balozi aliyefuata michango. Vijana wenye madaftari walianza kuja kwake Jumamosi, naye aliwasikiliza hadi mwisho, hata waliostahili kukatishwa. Alijaribu kuandika yake pia. Yalikuwa mabovu, nasema mimi mdogo wake, na Aneth alimwambia hivyohivyo. Kaka alicheka, akarudi kwenye kazi aliyoijua.

Kazi hiyo haikuwa ileile tena. Palipotokea msiba alikwenda na daftari, akakaa na wafiwa, akauliza swali moja: alikuwa akifanya nini ambacho mwingine hafanyi? Aliandika maisha ya watu sitini na wanne kwa namna hiyo, na hakuna wawili wanaofanana. Jirani yetu Miraji alimwomba amwandikie baba yake, yakasomwa siku ya arobaini, na shehe akaomba nakala. Najivunia, na sitaki kujificha. Kaka yangu alikuwa na miaka sitini na mitatu alipogundua kwamba alikuwa akikosea, na hakusema amezeeka.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Singida na Dodoma, na familia inawashukuru wauguzi wote. Macho yalipofifia, binti yake Belinda alimsomea. Nilipomtembelea Januari alinishika mkono, akasema, "Evodia, usiniandike mtu wa watu." Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Jana nilichukua daftari lake, nikawazungukia kinamama jikoni na wazee turubaini, nikauliza swali lake. Mmoja alisema kaka alikuwa akipuliza kalamu kabla ya kuandika jina la mtu. Mwingine alisema alikuwa akiwajibu mbwa wakibweka. Mwisho nilimfikia wifi Cecilia. Akasema kwamba siku moja alimfuata stoo, akamkuta peke yake, amesimama kati ya magunia ya alizeti na kitabu mkononi, na kofia ameivua. Tangu siku hiyo alimchunguza. Shairi likiwa zuri, kofia ilishuka.

Niliwaambia vijana wamvalishe kofia hiyo jenezani. Cecilia alikataa. Amewekewa mkononi.

Marehemu ameacha mjane, Cecilia, watoto wanne, Leonidas, Kristina, Amosi na Belinda, wajukuu tisa, sisi wadogo zake watatu, na Aneth, ambaye hakumzaa, lakini amesimama nasi mstari wa mbele kwa sababu familia imesema hapo ndipo pake.

Ikiwa humu kuna sentensi ambayo ingemfaa marehemu mwingine yeyote, kosa ni langu. Pumzika kwa amani, kaka. Safari hii tumeuliza.