Bi Mwanapili, Aliyevinusuru Viko vya Msambweni

Leo, Alhamisi tarehe 31 Desemba 1959, Bi Mwanapili binti Mwinyi anastaafu baada ya kulitumikia Duka la Tumbaku la Msambweni kwa miaka ishirini na minane. Kamati ya hafla imenitaka niandike wasifu mfupi usomwe kabla ya chakula. Bi Mwanapili naye amenitaka niandike ukweli mtupu, ila nisitaje umri wake. Nitajitahidi kuwaridhisha wote, ingawa kamati siiogopi sana.

Aliajiriwa mwaka 1931, mara baada ya kumaliza eda ya marehemu mumewe, na kazi aliyopewa ilikuwa kuchambua vikonyo. Alikaa mkekani nyuma ya duka, anatenga jani huku na kikonyo huku, na wakati huo mwenye duka, marehemu Mzee Mbwana, ndiye aliyekuwa akichanganya tumbaku kwa mkono wake. Haukupita muda mrefu Bi Mwanapili akamwambia kwamba mchanganyiko wake umezidi ukali. Mzee alikasirika, akamkumbusha kwamba yeye ni mtu wa vikonyo. Kesho yake mzee alichelewa kufika, akakuta tumbaku imekwisha kuchanganywa upya na wateja wawili wamesimama mlangoni wanaisifu. Ikabidi vikonyo vitafutiwe mtu mwingine.

Wengi wanashangaa wakiambiwa kwamba mchanganyaji wetu hajapata kuvuta kiko hata siku moja. Yeye ni mtu wa tambuu. Kazi aliifanya kwa pua, kwa vidole, na kwa masikio, kwa maana alikuwa na baraza lake la waonjaji. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri wapenzi wa kiko walikusanyika mbele ya duka: Mwalimu Matano, ambaye hakuna kitu asichokitia kasoro, Mzee Shutu, fundi wa saa, wavuvi wa Mkwiro waliokuja sokoni, na Mzungu mmoja mstaafu wa Diani aliyekuwa akija na kiti chake mwenyewe. Bi Mwanapili aliwagawia mchanganyiko mpya, akarudi ndani, akaacha dirisha wazi. Wao walibishana mpaka magharibi, naye alisikiliza. Jumamosi alipunguza hiki, akaongeza kile, kwa kufuata ubishi wa jana.

Sasa nieleze habari ya tofali la tumbaku, kwa faida ya wageni wetu wasiovuta. Kulikuwa na kiwanda Mombasa kilichokuwa kikigandamiza majani yaliyokaushwa kwa moshi, yakatoka vipande vyeusi vizito mfano wa sabuni ya kufulia, ndiyo hayo matofali. Wachanganyaji wadogo wa pwani walivinunua, wakavikata, wakavichanganya na jani la Jego ili lilete utamu na jani la Kinango ili lilete nguvu. Msambweni walikuwa na mchanganyiko wao, Vanga wao, Kinango wao. Wavutaji waligombana hata kununiana juu ya nani anachanganya vizuri zaidi, na kumbe zaidi ya nusu ya tumbaku waliyokuwa wakiivuta ilikuwa tofali lile lile.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 kiwanda kikafungwa. Wenye kiwanda walikuwa ng'ambo, na huko waliona kwamba watu siku hizi wanataka sigara, basi. Mashine ziliuzwa vyuma chakavu.

Habari zilipofika Msambweni, watu wazima waliingiwa na kiherehere. Mwalimu Matano alinunua karibu matofali yote yaliyokuwa dukani, akayafungia kabatini, akampa mkewe funguo na kumwapisha asimpe hata akilia. Mzee Shutu yeye aliona mahali salama pa kuficha tofali lake ni kasha la nguo la mkewe, katikati ya leso zilizofukizwa udi na asmini. Ijumaa iliyofuata alipowasha kiko barazani, pakanukia chumba cha bi harusi. Wenzake walimwuliza harusi lini, na mbona hawakualikwa. Aliendelea kuvuta kwa hasira mpaka likaisha tofali zima, kwani kuitupa tumbaku mwaka ule lilikuwa jambo lisilowezekana.

Wakati huo huo mimi nikabisha hodi kuomba kazi. Nilikuwa mkataji katika kiwanda hicho kilichofungwa, na Bwana Sefu, aliyerithi duka kwa baba yake Mzee Mbwana, alicheka kwa uchungu. Mkataji wa matofali wa nini, na matofali hayapo? Bi Mwanapili alitokeza kichwa dirishani akaniuliza kiwanda kilikuwa kikikausha majani kwa moshi wa nini. Nikasema sijui, yalikuja yamekwisha kaushwa.

"Basi hujui kitu," alisema. "Lakini kaa, mikono inajua kukata."

Nikakaa, na mpaka leo nipo.

Bwana Sefu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu. Alikwisha leta vitambaa vya mfano kutoka Mombasa, akatangaza kwamba ikifika Idi na wavutaji hawajapata tumbaku wanayoikubali, duka litageuzwa la leso na mafuta ya taa, na watu wa tumbaku tutarudi makwetu. Tulikuwa wanne, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kazi nyingine ya kwendea. Mwenzetu Kitsao alikuwa na watoto wadogo sita. Bi Mwanapili ndiye aliyesema.

"Sefu mwanangu, nimekubeba mgongoni pua ikikuchuruzika. Nipe Ramadhani hii moja. Nikishindwa, hayo mafuta ya taa nitakupimia mimi mwenyewe."

Akapewa. Alifikiri kwamba ikiwa siri ya tofali ni moshi, basi moshi hapa kwetu haununuliwi. Nyuma ya duka kuna tanuri la kukaushia nazi ziwe mbata, linalowashwa kwa vifuu vya nazi. Alilitundika jani la Jego mle ndani, juu ya mbata zilizokuwa humo kwa kuwa mvua za masika zilikwisha anza na hapakuwa na jua la kutegemea. Majani yalitoka meusi, yananukia vizuri, sote tukashangilia. Jioni, baada ya kufuturu, Mwalimu Matano alijaza kiko, akakiwasha, na kiko kikaanza kuchemka na kutoa sauti ya kikaango. Jani lilikuwa limekunywa mafuta ya nazi mpaka likashiba. "Bi Mwanapili," Mwalimu alisema kwa upole, "hii si tumbaku, haya ni mandazi." Tangu hapo ikawa mbata zitolewe kwanza, ndipo jani liingie na vifuu vitupu.

Kisha ikaja shida kubwa zaidi, shida ya mwezi wenyewe. Waonjaji wote wa baraza walikuwa wamefunga, isipokuwa yule Mzungu, naye mvua zilikwisha mkatia njia ya Diani. Wangeweza kuonja baada ya futari tu, na mtu aliyeshinda kutwa bila kiko hukubali chochote isipokuwa yale mandazi; hata ukimjazia majani ya muhogo atasema alhamdulillahi. Kila mchanganyiko walioonja usiku waliusifu, na asubuhi hakuna aliyekumbuka ulikuwaje. Bi Mwanapili alitaka mdomo usiofunga. Akampata Chome, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kinango, ambaye hakuwa Mwislamu na alikuwa amekuja kuuza mbuzi wa Idi. Walikubaliana awe anaonja mchana kule nyuma, kwa tanuri, ili asiwatamanishe waliofunga.

Chome alionja wa kwanza akasema, "Mama, hii ndiyo yenyewe." Akaonja wa pili: ndiyo yenyewe. Bi Mwanapili alifurahi, akatuamuru tukate gunia zima la ule wa pili. Tulikata mpaka vidole vikavimba. Kitsao, ambaye pia hakuwa amefunga ila ni mtu wa sigara, alijaribu kidogo kando, akakohoa mpaka machozi yakamlowesha shati. Bi Mwanapili akamrudia Chome kumwuliza vipi, naye akasisitiza kwamba tumbaku ni nzuri sana, Mungu ambariki aliyeitengeneza. Hapo ndipo Bi Mwanapili alipokitazama kiko ambacho Chome alikuwa amekiweka kando. Kilikuwa kimezimika, na tumbaku imejaa mle ndani, haijaungua hata nusu.

Chome hakuwa mwongo. Kwao mgeni hakitii kasoro kitu alichopewa, na angeweza kuvuta makumbi ya nazi akashukuru. Sisi tuliomtaka ushauri hatukuwa tumelifikiri hilo, na gunia zima likawa limepotea, na Ramadhani imefika katikati. Bwana Sefu alikwisha anza kupima rafu kwa ajili ya leso. Ile ndiyo siku pekee niliyopata kumwona Bi Mwanapili amekaa bila kufanya kitu.

Kesho yake aliacha kumwuliza Chome chochote. Akawa anamjazia kiko, anamwacha na mbuzi wake, halafu baadaye anakuja kukichungulia kiko. Kikiwa na tumbaku iliyobaki, anarudi mkekani kuchanganya upya. Chome naye aliendelea kusifu kila siku, na hakuna aliyemsikiliza. Bi Mwanapili alipunguza jani la Kinango, akaliacha la Jego katika moshi muda mrefu zaidi, akalinyunyizia asali ya miwa kutoka Ramisi na kuligandamiza kati ya mbao mbili chini ya jiwe la kusagia. Mabaki kikoni yakawa yanapungua. Mwezi ulipokuwa ukingoni, Chome mwenyewe alikuja mpaka dirishani, ametazama chini, kiko mkononi kimebaki majivu matupu.

"Mama, uniwie radhi," alisema. "Imebaki kidogo?"

Mgeni wa kwao haombi kuongezewa. Bi Mwanapili alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akatuita tuje na visu.

Siku ya Idi, baada ya sala, wanaume walikuja na kanzu zao mpya. Kila mmoja alijaza kiko, na baraza lote likanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea. Bwana Sefu alisimama mlangoni akijifuta jasho. Mwalimu Matano alivuta taratibu, akatazama moshi, akavuta tena. "Siyo ile," alisema hatimaye. Kutoka dirishani likaja jibu kwamba hakuna aliyesema ni ile. Mwalimu akanyoosha mkono akajaza kiko cha pili, na wengine wakafuata. Jioni ile ile Bwana Sefu alivifungasha vile vitambaa vya mfano.

Kazi ambayo mimi naiona kubwa zaidi ya hiyo aliifanya wiki chache baadaye. Bwana Tembo, mchanganyaji wa Vanga, alifika dukani amekonda. Alikuwa mpinzani wetu wa miaka mingi, na Bi Mwanapili alipata kusema hadharani kwamba tumbaku ya Vanga inafaa kufukuzia mbu. Sasa hakuwa na cha kuuza, na wateja wake walikuwa wanaacha kiko mmoja mmoja. Bwana Sefu alitukonyeza tusiseme neno. Bi Mwanapili alimshika Bwana Tembo mkono akampeleka moja kwa moja kwenye tanuri, akamwonyesha vifuu, mbao, jiwe na asali. Bwana Sefu alipolalamika, alimjibu kwamba mvutaji akizoea kukaa bila kiko hamrudii tena muuzaji yeyote, awe wa Vanga au wa Msambweni. Aliwapelekea habari na wa Kinango, kupitia kwa Chome. Leo maduka yote matatu yanafanya kazi, na wavutaji wamerudia kununiana kama zamani.

Nikiandika mema yake yote, pilau itapoa. Alitufunza kazi, alitugombeza, alituuguza, na aliyekuwa na msiba alimkuta amefika kabla ya majirani. Sasa anakwenda Mkwiro kukaa na binti yake Chiku na wajukuu. Amesema hataki kunusa tumbaku mpaka atakapoamua mwenyewe, nasi tumemwambia tunangoja.

La mwisho ni langu mimi. Kiwandani Mombasa nilifanya kazi miaka kumi na moja. Asubuhi ile tulifika tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo, na bawabu akatuambia twende makwetu. Kulikuwa na mzee mmoja, jina lake Mangi, aliyekuwa akikata pembeni yangu na aliyekuwako kabla ya sisi sote. Alisimama pale langoni ameshika chakula chake cha mchana, anangoja mtu atoke amwambie lolote. Tulimwacha amesimama. Hakuna aliyemshukuru, hakuna aliyemwandikia wasifu, na mimi mwenyewe sikumbuki kama nilimuaga. Ndiyo maana kamati ilipokuja kuniomba maneno haya nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Bi Mwanapili, simama kidogo uwatazame watu hawa. Wamejaa mpaka barabarani, na kila mmoja anataka kukushika mkono kabla hujaondoka. Hivi ndivyo mtu anavyostahili kutoka kazini. Ahsante kwa kazi yako, na ahsante zaidi kwa kazi zetu. Mwenyezi Mungu akupe afya, raha na maisha mema kwa wajukuu zako. Nasi kesho asubuhi, kwa uwezo wake, tutafungua duka.