Mtoto Aliyefanywa Pensheni

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka niwaone, maana sauti niliyobaki nayo haitoshi kuwafikia huko mlangoni mlikosimama kama watu waliokuja kutazama chumba cha kupanga. Wewe binti yangu mkubwa, mhasibu, kaa hapa kichwani. Wewe mkandarasi, zima hiyo simu, wanaokutafuta watakupata tu. Na wewe Fundi, kitinda mimba wangu, acha kukunja mashuka, keti. Nimesema keti. Leo sitaki unihudumie, nataka unisikilize, ingawa najua kukaa bure kunakuwasha.

Nimechoka. Nalisema hili kwanza msije mkadhani nina hasira. Ugonjwa wenyewe haunichoshi kama unavyonichosha mnong'ono wenu wa ukumbini, mnaodhani kwa kuwa miguu imekufa basi na masikio nayo yamekufa. Nimewasikia mkiigawa nyumba hii, mhasibu ukitaka iuzwe, mkandarasi ukitaka ivunjwe ujenge ghorofa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mdogo wenu anayelala kwenye godoro chini ya dirisha langu atahamia wapi.

Mnaijua kazi niliyowasomeshea. Nilikuwa mdadisi wa utafiti, mtu wa kubisha hodi kwenye nyumba za watu nisiowajua na kuwauliza mambo ambayo hata wake zao hawajawahi kuwauliza: unapata nini, unatumiaje, unaweka wapi, na ukizeeka utaishi kwa nini. Tulifundishwa tusimsaidie mtu kujibu, tusikunje uso, tusicheke. Mama mmoja mfua nguo aliniambia akiba yake ni afya, akakohoa mpaka akashika ukuta, nami nikaandika afya. Madereva, makuli, walimu, wauza mitumba, wote nilipofika kwenye swali la uzeeni walinijibu jibu moja, tena kwa kunishangaa kwamba nauliza: watoto wangu.

Siku moja, gari letu likiwa limekwama kwenye foleni, mwenzetu mmoja akalalamika kwamba watu hawa hawana mpango wowote wa uzeeni. Mkuu wetu wa utafiti, mwanamke mpole mwenye miwani mizito, akageuka kutoka kiti cha mbele akasema, "Wanao. Mpango wao ndiye yule aliyetuletea viti." Tangu siku hiyo nikawa namtazama mtoto anayeleta viti, na kila nyumba alikuwepo. Haikuwa lazima awe wa kwanza wala wa mwisho, hakuwa mjinga wala hodari kupita wengine, alikuwa tu yule asiyeweza kusema hapana. Wenzake walipangiwa shule na safari, yeye akapangiwa wazazi. Na dodoso letu lilikuwa na nafasi ya ng'ombe, ya kiwanja, ya hisa, lakini halikuwa na nafasi ya kuuliza yeye naye akizeeka atatunzwa na nani.

Nasikia wakwe zangu wananiita mkono wa birika, wanaamini mtu aliyeshinda akiwauliza wenzake habari za akiba hawezi kukosa kitu alichokificha mahali. Hakuna. Kiinua mgongo kiliingia kwenye bati hili na sakafu hii, kilichosalia kikaenda kwenye matibabu ya marehemu mama yenu, nami sijutii hata senti. Pensheni ikifika inaishia duka la dawa. Mkandarasi, usipekue chini ya kitanda, utakachokuta huko ni chombo changu cha haja.

Sasa niwaambie la moyoni. Miguu hii ilipokataa, mlikaa kikao sebuleni, na kila mmoja akawa na udhuru mzuri. Mhasibu una watoto wa shule. Mkandarasi kazi zako ni za nje ya mji. Lakini Fundi, mkasema, amejiajiri, anaweza kuisimamisha kazi yake kidogo. Kuisimamisha! Kama vile duka la ushonaji ni gari, unalizima na kuliwasha. Alikuwa na duka pale kona karibu na kinyozi, na maharusi walikuwa wakimsubiri yeye hata kama fundi wa jirani amekaa bure. Akashusha shata la mlango, akaleta cherehani ukumbini, akaifunika shuka, nanyi mkija kunitazama mnatupia makoti yenu juu yake. Wateja wakahama. Yule mchumba wake akangoja, akangoja, mwisho akaacha kungoja, na mimi simlaumu. Nami nikajitia hamnazo, maana uji ulikuja wa moto na mikono ilikuwa laini. Nyinyi mlituma pesa, sikatai, Mungu awazidishie. Ila pesa mliituma, na mtu mkamchukua mzima mzima.

Nipeni maji. Hapana, si wewe Fundi.

Basi sikilizeni, maana sitarudia. Nyumba hii ni ya Fundi. Vyumba vya uani pia ni vyake, na kodi ya wapangaji ndiyo pensheni yake, asije mtu kumwomba aiweke nyumba dhamana ya mkopo wa simenti. Mwanasheria alishakuja, na kinyozi na mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara wameshuhudia. Kiwanja kile cha bondeni ni chenu wawili, nusu kwa nusu, lakini mtakipima wenyewe, mmoja ameshika kamba huku na mwingine kule. Tangu ule ugomvi wa mchanga wa ujenzi uliopotea mnasemeshana kupitia kwa mdogo wenu tu. Mnasingiziana nani aliuuza. Mchanga ule ulizolewa na mvua, niliuona ukienda kwa macho yangu, ila mlikuwa mnapiga kelele mno kunisikia.

Mhasibu, najua unachokitafuna mdomoni. Wewe ndiye mkubwa, na ulilipa ada za wadogo zako. Ulilipa, mwanangu, nakushukuru mbele yao, na nilikuonea uchungu ulipokuwa unavaa viatu vilivyotoboka ili wao wapate vipya. Lakini wewe unakatwa kila mwezi kazini, uzee wako una mahali pa kuegemea. Huyu hana anayemkatia. Ukimnyima nyumba hii utakuja kumlisha kwa mkono wako, naye atakushukuru kila siku, na shukrani hizo zitakuumiza. Sema umekubali. Nataka kusikia sauti, si kichwa... Haya. Mkandarasi? Haya. Nimewasikia wote wawili.

Na wewe, Fundi, usianze kukataa kilicho chako. Kesho asubuhi kafungue duka. Si nikishazikwa, kesho. Pale kona sasa yuko muuza simu, basi anza hapa barazani, toa cherehani ipigwe na mwanga. Usingoje nife, maana najijua, naweza kuchelewa.

Mnizike karibu na mama yenu... bila mbwembwe. Msikope kwa ajili ya maturubai. Watakaonipenda watasimama juani... na wasionipenda waende mapema.

Ah. Pumzi imekuwa fupi. Njoo, binti yangu, nigeuze, ubavu huu unawaka moto. Nimesema wewe. Fundi, kaa! Weka mkono chini ya bega... huo mwingine kiunoni. Usinishike kwa ncha za vidole, mimi si sufuria ya moto, mimi ni baba yako. Mkandarasi, miguu. Mngojee dada'ko, inueni pamoja... Aa! Aa... Si neno. Mmeniumiza kidogo tu. Na Fundi alianza hivyo hivyo.

Mungu awape uzee, wanangu. Awape na watu... watu waliopenda wenyewe kukaa nanyi. Radhi yangu mnayo, nyote, bila deni. Mto... usukume mto mgongoni, mama. Hivyo. Hivyo hivyo.

Usilie, mhasibu... kesho utajua kunigeuza vizuri zaidi.

Fundi. Mbona bado umesimama hapo? Nenda kalale chumbani, mwanangu, kwenye kitanda... Nenda. Wataweza.