Assadullah Naqash na Pakiti za Jua

Ndugu, majirani na wote mliokusanyika hapa mtaani Zadibal siku hii ya nne ya msiba, familia imemtuma mdogo wa marehemu, Sonaullah, huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya kaka yake, nanyi mtamwia radhi sauti ikimpanda, maana machozi yamemwishia na sasa amebaki na hasira.

Marehemu Assadullah Naqash alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 katika nyumba hii hii, akasoma hadi darasa la tano, na mwaka 1968 mjomba wake akamketisha kwenye mto wa kukalia karibu na dirisha kujifunza kutarizi shali, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka hamsini ndani ya chumba kimoja, jua likimpata vidoleni tu. Tarehe 9 Oktoba 1983 alimwoa Hajra, wakajaliwa binti mmoja, Shameema, aliyezaliwa Juni 1986.

Novemba 2020 mifupa ilimuuma hadi akashindwa kupanda ngazi, daktari akampima na kusema vitamini D, ile ambayo mwili hujitengenezea juani, imemwishia kabisa, akamwandikia unga wa pakiti, moja kwa wiki, kwa wiki nane, basi. Tuseme haki, ulimponya, na kufikia Februari alipanda ngazi akiimba, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa kuwa marehemu hakujua kuachana na kitu kizuri, naye mwenye duka la dawa akaendelea kumuuzia bila kuuliza cheti cha daktari, kama anavyowauzia ninyi nyote, msiangalie chini.

Agosti 2022 alitolewa jiwe la figo, Mei 2023 akatolewa la pili, na kiu ikamshika, akawa anakwenda kukojoa hata mara ishirini kwa siku. Daktari wa njia ya mkojo, mwenye subira kuliko ukoo huu mzima, alimuuliza mara nne, "Baba, unatumia dawa gani?" na mara nne marehemu akajibu, "Situmii dawa yoyote, mwanangu, namshukuru Mungu," wala hakuona kwamba anasema uongo, kwani kwake vitamini ilikuwa chakula, sawa na mboga. Sonaullah alikuwa ameketi pembeni yake mara zote nne, akitikisa kichwa kukubali.

Januari 2024 kipimo cha damu kilionyesha kalsiamu imezidi mno na figo zimeharibika, na daktari akapoteza ile subira yake, akasema, "Mama, niletee kila kinachoingia kinywani mwake, hata pipi!" Hajra akatoa pakiti mfukoni mwa joho lake, akasema, "Mimi nampa hii moja tu, kwenye chai ya chumvi ya asubuhi." Shameema akashtuka, "Moja, mama? Na ya mchana ninayompa mimi?" Wote wawili wakamgeukia Sonaullah, aliyekuwa akimkorogea kaka yake ya jioni kwa zaidi ya mwaka, kwa mapenzi na kwa siri, maana marehemu alimwambia kila mmoja peke yake, "Usiwaambie wenzako, watanigombeza bure."

Alipoelezwa kwamba pakiti tatu kwa siku, badala ya moja kwa wiki, ndizo zilizomjaza kalsiamu na kumharibu figo, mzee huyu mkaidi alicheka, akasema, "Kumbe mlinipenda mara tatu kwa siku," akafariki tarehe 3 Machi 2024, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari waliouliza, watarizi wenzake waliobeba jeneza, na majirani waliotupikia, isipokuwa wale wawili ambao tangu jana wanaulizia pakiti zilizobaki, hao wajue kwamba Hajra amezitia motoni.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Lile swali la daktari nimelijibu leo mbele ya watu wote, nami najua nimechelewa.