Bi Dakika na Saa ya Ukutani

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutangaza mabasi ya kwenda na kutoka jiji la bandari, Bi Dakika anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi, mkata tiketi niliyekaa naye kibanda kimoja miaka kumi na tisa, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa kuwa masikio yangu ndiyo yaliyoumia zaidi.

Alianza kazi kama mfagiaji. Siku moja mtangazaji alikaukiwa sauti kwa mafua, yeye akashika kipaza sauti, na hakukirudisha tena. Hajawahi kumsubirishia mtu basi, hata mumewe, ambaye ameachwa mara mbili na bado wanaishi vizuri.

Kwa kuwa abiria wetu hawana haraka mpaka wasikie injini, Bi Dakika aliisogeza mbele saa ya ukutani kwa dakika kumi. Madereva walifuata saa zao za mkononi, na mambo yakaenda. Kisha akaja dereva mgeni, mtu wa nidhamu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Asubuhi yake ya kwanza aliitazama saa yetu, akaondoa basi, akawaacha abiria kumi na mmoja na vikombe vya chai mkononi.

Mmoja wao alikuwa baharia aliyesota mwaka mzima bila kazi. Meli iliyomwajiri ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Alikaa juu ya begi lake akalia waziwazi.

Bi Dakika alijua kosa ni lake. Alimpigia simu shemeji yake wa kwenye mizani ya barabarani, ambako kila basi hupimwa uzito, kisha akawapakia wote kumi na mmoja kwenye gari letu la vifurushi, na mwenyewe akapanda juu ya magunia. Shemeji alilipima basi mara nne. Dereva aliapa kwamba halijanenepa. Gari la vifurushi lilipofika, baharia alisukumwa ndani ya basi wa kwanza.

Bi Dakika aliporudi aliandika barua ya kujishtaki na kufungasha vitu vyake, tayari kufukuzwa. Uongozi ukampa onyo na kuamuru saa irekebishwe. Wiki hiyo tuliacha abiria wengi kuliko mwaka mzima, maana kumbe wote walijua siri ile na walikuwa wakijiongezea dakika zao kumi.

Sasa, Bi Dakika, kaa chini. Baharia alituomba tusikwambie, nasi tumenyamaza miaka tisa. Siku ile meli iliharibika, ikaondoka kesho yake jioni. Angeweza kupanda basi lolote. Kila anapopita hapa ukamsimulia ulivyomwahisha, yeye hushukuru upya, na sisi hutazama chini.

Lakini wewe hukujua, ukapanda magunia. Kwa hilo tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na roho ya kutusamehe.