Maji Yaliyolala

FUNDI: Haloo, duka la samaki hapa. Nani mwenzangu?

MKWE: Shikamoo, Fundi. Namba yako nimeikuta kwenye tangi, imebandikwa ubavuni, ndio nika—

FUNDI: Marahaba. Ongea juu kidogo, pampu zinanguruma hapa. Tangi la nani?

MKWE: La mama mkwe wangu. Yule mjane wa mwalimu wa hesabu, mama mwenye macho mabovu. Mimi nimeolewa na kitinda mimba wake.

FUNDI: Aa, kwa Bwana Mkubwa. Huyo samaki nilimuuzia mwalimu kwa mkono wangu, miaka kumi na moja sasa. Hajambo Bwana Mkubwa?

MKWE: Anakufa, Fundi.

FUNDI: Taratibu. Anakufa vipi?

MKWE: Yuko juu kabisa, mdomo nje ya maji, anahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Mara anageuka tumbo juu, mara anajirudisha.

FUNDI: Pampu ya hewa inafanya kazi?

MKWE: Inafanya. Kila kitu kinafanya kazi, kila kitu kisafi, ndio maana sielewi.

FUNDI: Kisafi vipi?

MKWE: Nimelisafisha tangi.

FUNDI: Lini?

MKWE: Leo hii. Nimemaliza saa nane, sasa hivi saa tisa kasoro.

FUNDI: Umebadilisha maji kiasi gani?

MKWE: Yote.

FUNDI: Yote.

MKWE: Mawe nimeyamwagia maji yanayochemka. Ile sponji ya chujio ilikuwa imejaa uchafu wa kahawia, inateleza, nimeifua kwa sabuni ya unga mpaka ikawa nyeupe. Kioo nimekisugua. Ukikiona sasa hivi utadhani hakuna kioo.

FUNDI: [anashusha pumzi] Binti, ule uchafu wa kahawia ndio uliokuwa unamlinda. Humo mna vijidudu wazuri, wanakula mavi ya samaki. Sasa umewafua na kuwaanika juani.

MKWE: Sikujua. Fundi, sikujua, mimi kwetu kitu kichafu kinaoshwa.

FUNDI: Na maji mapya umetoa wapi?

MKWE: Bombani.

FUNDI: Moja kwa moja?

MKWE: Moja kwa moja. Yananuka dawa kidogo, lakini ni meupe.

FUNDI: Hiyo dawa ndiyo inayomuunguza. Inaunguza mashavu anayopumulia. Sikiliza, mama yako hakuacha ndoo mbili, zimefunikwa na kitambaa, nyuma ya mlango wa jikoni? Mama ana ndoo mbili siku zote. Maji ya bomba yanalala humo siku mbili ndipo dawa inatoka. Anayaita maji yaliyolala. Chukua hizo haraka, ume—

MKWE: Nimezimwaga.

FUNDI: Lini tena?

MKWE: Siku mama alipoondoka. Niliona maji yamesimama, yana vumbi, nikasema mbu watazaliwa humu. Nikapigia deki.

FUNDI: Maji yakimwagika hayazoleki. Haya, basi, hayo yamepita. Ila nieleze kitu kimoja, tangi ulilisafisha kwa nini? Mama si aliacha maagizo?

MKWE: Aliacha kifuniko cha chupa. Chakula kijae kifuniko, mara moja kwa siku, basi. Mume wangu naye akaniambia usiguse kingine chochote. Lakini samaki alikuwa ananifuata kwenye kioo kila nikipita. Nikienda kufagia, anafungua mdomo. Nikirudi, anafungua mdomo. Nikaona huyu mzee wa watu atasema ameachwa na mkwe mchoyo. Nikampa asubuhi, mchana na jioni.

FUNDI: Samaki ni ombaomba, binti. Tumbo lake halizidi jicho lake, lakini mdomo haujui kusema tosha.

MKWE: Chakula kikabaki chini. Maji yakawa kama maji ya mchele, yakaanza kunuka. Na leo mama anatoka hospitali ya macho. Mume wangu ameshaenda kumchukua, watafika saa kumi. Nikasema, mama anarudi na macho mapya, akute maji haya? Jana amenipigia simu, akasema, mwanangu, nikivuka kizingiti usinipe kiti wala chai, nipeleke kwanza kwa mwekundu wangu. [sauti inakatika] Nilitaka amwone vizuri tu, Fundi.

FUNDI: Usilie. Ukilia hutasikia ninayokwambia. Maji ya kunywa hapo nyumbani mnachemsha?

MKWE: Tunachemsha. Kuna dumu la lita ishirini, la jana, limepoa.

FUNDI: Mungu mkubwa. Ya kuchemshwa hayana dawa. Tafuta chombo, ila si beseni la kufulia, lina sabuni.

MKWE: Kuna sufuria kubwa, ile ya kupikia wageni.

FUNDI: Hiyohiyo. Weka maji humo. Mimina kutoka juu, dumu likiwa usawa wa kichwa, yapigane na hewa.

MKWE: Fundi, unataka nimtie Bwana Mkubwa kwenye sufuria? Mama aingie amkute jikoni, ndani ya sufuria?

FUNDI: Ilmradi haiko motoni. Mimina.

MKWE: Subiri, naweka spika… [maji yanamiminika, muda mrefu] Tayari. Nimelowa mpaka kifuani.

FUNDI: Sasa chota kwa bakuli, usimshike kwa mkono. Atoke pamoja na maji kidogo. Taratibu. Sufuriani mwache ateleze mwenyewe.

MKWE: Njoo… njoo, baba, njoo… Anakimbia. Hana nguvu lakini anakimbia. [bakuli linagonga kioo] Nimempata. Yuko ndani ya sufuria.

FUNDI: Mpira wa pampu ya hewa uko humo?

MKWE: Nautia… Uko. Unatoa mapovu. Fundi, amelala ubavu.

FUNDI: Mashavu yanafunguka?

MKWE: Yanafunguka. Kidogo. Moja… mbili. Yanachelewa.

FUNDI: Mwache. Sasa ni yeye na Mola wake. Usimpe chakula, hata akiomba.

MKWE: Fundi.

FUNDI: Naam.

MKWE: Huna mwingine hapo dukani? Mkubwa kama yeye, mweupe kama yeye. Nitakulipa, niko tayari kuuza hata kitenge cha harusi.

FUNDI: Mweupe? Mimi nilimuuzia mwalimu mwekundu, pilipili kabisa.

MKWE: Ni mweupe huyu. Mweupe pepe, kabakiwa na doa moja mkiani.

FUNDI: Aa. Amezeeka. Wengine rangi huwatoka, kama sisi na mvi. Mama anajua?

MKWE: Macho ya mama yana ukungu mwaka wa tatu huu. Bado anamwita mwekundu wangu. Mume wangu alisema tusimwambie.

FUNDI: Binti, ninaye mwekundu. Ukubwa wao ni mmoja, hata kichwa wanafanana. Mama akimwona huyu, ndiye anayemkumbuka.

MKWE: Unamaanisha atamwamini huyo kuliko mwenyewe.

FUNDI: Mimi sijasema kitu. Nasema ninaye, na pikipiki iko mlangoni. Mwalimu alikuwa rafiki yangu. Sitaki mjane wake afungue macho aone maiti.

MKWE: Mlete. Mlete, tafadhali. Nina miezi minne tu katika nyumba hii. Hawajanizoea. Mama ndiye pekee anayeniita mwanangu.

FUNDI: Nakuja. Usikate simu, naiweka ndani ya kofia. [pikipiki inawaka, upepo] Anaendeleaje?

MKWE: Bado ubavu. Nimepiga magoti hapa, namhesabia. Mtu akiniona atasema nimerukwa na akili.

FUNDI: [mtandao unakwaruza] …njia ya… foleni… dakika kumi…

MKWE: Sikusikii.

FUNDI: Nasema dakika kumi. Tangi umeshalitoa maji?

MKWE: Nimezibua, yanatoka. Huyu wa kwangu nikishampata huyo mwingine nimfanyeje? Akiwa hai?

FUNDI: Nitaondoka naye. Kwenye mfuko.

MKWE: Miaka kumi na moja, kisha atoke na mfuko.

FUNDI: Binti, ulichoniomba ndicho hiki.

MKWE: Najua nilichoomba. Subiri… honi. Fundi, hiyo ni honi ya mume wangu.

FUNDI: Si ulisema saa kumi?

MKWE: Wamewahi. Wako getini. Uko wapi?

FUNDI: Naliona paa lenu. Mzuie mama uani, mwambie sakafu imelowa, mpe kiti—

MKWE: Alisema hataki kiti. Mlango unafunguliwa. Fundi, namsikia anavua viatu. [kwa mbali] Shikamoo, mama. Pole na safari… Mama, ngoja. Mama, nina neno.

FUNDI: Binti, nisikie. Niko kona ya mwisho.

MKWE: [kwa mbali] Ndoo zako nilizimwaga, mama. Nikamlisha kupita kiasi, nikaosha kila kitu kwa sabuni. Nimekosa. Yuko jikoni. Yuko kwenye sufuria, mama, usishtuke, jiko halijawashwa.

FUNDI: [anazima pikipiki] Haloo? Kumetokea nini?

MKWE: [kwa kunong'ona] Amesimama juu ya sufuria. Ana miwani nyeusi, ameivua. Anatazama.

FUNDI: Na samaki?

MKWE: Sijui. Mapovu yanamficha. Ananiuliza… ananiuliza huyu mzee mweupe ni nani.

FUNDI: Umejibu nini?

MKWE: Ndiye. Nimemwambia ndiye, mama, rangi ilimtoka zamani, tulikuficha.

FUNDI: Binti.

MKWE: Ametia kidole majini.

FUNDI: Ndivyo anavyomwita. Mwalimu alimfundisha hivyo.

MKWE: Hajitikisi… hajitikisi, Fundi… Ngoja. Amejigeuza. Anakwenda upande upande, lakini anakwenda. Amekinyonya kidole.

FUNDI: Alhamdulillahi.

MKWE: Mama analia na daktari alimkataza kulia. Anamwambia samaki, kumbe wewe nawe, kumbe tumezeeka wote.

FUNDI: Mimi niko getini. Nina huyu mwekundu kwenye mfuko wa maji kifuani, ananipigapiga mbavu.

MKWE: Mrudishe dukani.

FUNDI: Una hakika?

MKWE: Mrudishe, kisha uje mikono mitupu, uniletee sponji chafu kutoka kwenye matangi yako. Nami nitakuwa na… ngoja, ananiita. Naam, mama?… Ananiuliza ndoo zake nimeziweka wapi.

FUNDI: Ana hasira?

MKWE: Sijui bado. Hajaniita mwanangu. Amesema chukua ndoo, njoo nikuonyeshe maji yanavyolazwa. Fundi, salio lina—