Nusu Kichwa cha Sitwala

Kwenye benchi letu la Maramba, nje ya kibanda cha kinyozi Mukelabai, hakuna tatizo la nchi ambalo hatujalimaliza kabla ya kikombe cha pili cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Jumamosi ile mto ulikuwa umefurika, na upepo ulituletea ngurumo ya Maporomoko ya maji mpaka barazani. Mabasi ya watalii yalipita yakiwapeleka watu kulowa kwa hiari yao. Ndani, Sitwala alikuwa akinyolewa, maana adhuhuri alitakiwa akajitambulishe ukweni, kwa kina Mutinta, mchumba wake. Mashine ilipofika katikati ya kichwa, umeme ukakatika.

Akatoka na kitambaa shingoni, upande wa kulia unang'aa kama sufuria mpya, wa kushoto msitu. Hatukucheka. Yaani, hatukucheka mbele yake. Mukelabai alimtuliza kwamba umeme utarudi sasa hivi, maneno anayomwambia kila mteja tangu mwaka uanze.

Waziri akafungua mjadala. Huyu hajawahi kuwa waziri. Alikuwa mlinzi wa lango kwenye mtambo wa umeme kule korongoni, akastaafu na sauti ya serikali. Alitueleza kwamba maji yamezidi, na mashine zikishiba hulala, kama mtu.

— Mwaka jana ulisema zimelala kwa sababu maji ni machache, Mukelabai akamkumbusha.

— Zile zililala njaa. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Sasa utapataje umeme kwa maji yasiyozoleka?

Nasilele, muuza munkoyo, alisema hoteli za ukingoni ndizo zinazotumaliza, kwa taa za kumulika Maporomoko usiku, mgeni ayaone bila kuweka glasi chini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema. Ndiyo tunapona hivi.

Waziri akapanda dau. Kwa maelezo yake, taa si kitu, tatizo ni simu za watalii. Kila picha inanyonya nguvu ya maji kidogo, na yakishapigwa picha asubuhi nzima, yanayofika mtamboni ni makapi. Nikamuuliza kama na upinde wa mvua wanaondoka nao. Akasema hilo bado linachunguzwa.

Mukelabai, kwa aibu, alijaribu kumalizia kwa mkasi. Msitu ukawa kama umepitiwa na tembo. Sitwala akajishika kichwa, akasema atatuma ujumbe kwamba anaumwa.

— Lakini mara ya kwanza niliahirisha kwa msiba, akasema polepole. Leo nikikosa, baba yake Mutinta hanifungulii mlango tena.



Mara akatokea shangazi yake Mutinta, aliyekuja kutoka Gwembe kwa ajili ya shughuli hiyo. Alikuwa ametumwa aangalie kama mkwe ametoroka. Sitwala akachuchumaa, akampigia makofi ya heshima, kichwa chini, na hapo ndipo mama huyo akakiona vizuri. Akauliza kulikoni. Waziri akamweleza yote, kuanzia usingizi wa mashine hadi makapi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

— Kwetu mto ulizibwa kule Kariba, ili umeme upatikane, akasema. Mama yangu alihamishwa bondeni akiwa na mimba yangu. Kijijini kwetu taa hatujaziona mpaka leo. Nikajua zimekuja kwenu, mnaokaa na maji.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Basi umeme anao nani?

Waziri akageukia barabarani, akahesabu mabasi. Nasilele akawa anakoroga munkoyo usiohitaji kukorogwa. Mukelabai akamvika Sitwala kofia yake mwenyewe, lakini mama akaivua, akamrudishia.

— Twende hivyohivyo, mwanangu. Hata kule umeme umekatika.

Wakashika njia, yeye mbele, nusu kichwa nyuma, Maramba nzima ikitazama. Mutinta alitusimulia baadaye kwamba baba yake alimtazama mkwe kichwani, akatazama friji lake lililokuwa likivuja maji sakafuni, kisha akamsogezea kiti.

— Kaa, mwanangu, akamwambia. Utusaidie kula hii nyama kabla haijaharibika.