Kaniki ya Matanga Iliyomlinda Mjukuu Wangu

Bwana wa uhai asifiwe, ndugu zangu wa Rasbura! Leo nasimama mbele yenu na furaha isiyotosha kifua kimoja.

Mnanijua. Mimi ni Mama Anjela, mjane, mzaliwa wa Rondo. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari nina mvi, na tangu hapo sisemi "siku zile" wala "zamani". Nasema mwaka na siku. Basi ilikuwa mwaka 1957, wiki iliyofuata Jumapili ya nane baada ya Pentekoste. Homa kali ya mafua ilikuwa imeingia Lindi. Nyumba kwa nyumba watu walikohoa, na wazee walizikwa kabla jamaa zao wa bara hawajapata habari.

Nyumbani kwangu alikuwamo Anjela, mwanangu wa pekee, aliyekuwa bado ndani ya arobaini yake, pamoja na kichanga wake wa kike. Jumatatu Anjela aliamka mwili unawaka, kifua kinambana kwa kikohozi. Ndugu zangu, nilikwisha kumzika mume! Nilimtazama yule mtoto akilitafuta ziwa la mama yake, nikajua kwamba pumzi ileile inayombembeleza ndiyo inayoweza kumuua. Nilipiga magoti palepale nikalia: "Bwana, huyu usimchukue!"

Jibu lilikuja kwa miguu ya mkunga wa zahanati. Alisema Anjela aendelee kunyonyesha, lakini azibe pua na mdomo kwa kitambaa kizito, nami nizibe. Vitambaa vichemshwe kila siku. Madirisha yafunguliwe, na wageni waishie nje.

Ni rahisi kusema! Kwetu sisi mtu hazibi pua mbele ya mgonjwa. Pua huzibwa mbele ya maiti. Nilipomsogelea Anjela na kitambaa, machozi yalimtiririka.

"Mama, kwani nimeanza kunuka?"

"Hunuki, mwanangu. Nakufunga ili mbaki wote wawili."

Kitambaa chenyewe sikuwa nacho kingine kizito ila kaniki niliyoivaa kwenye matanga ya marehemu mume wangu. Nilikuwa nimeiweka sandukuni, nikiamini ingeningoja hadi msiba mwingine. Siku ile niliikata vipande, nikavikunja mara mbili, nikavichemsha. Kwa haraka sikungoja vikauke. Nikajifunga changu kikiwa kibichi, nikatoka uani kuchukua kuni.

Jirani yangu, Bi Zuhura, akaniona kutoka upande wa pili wa ua: mjane, kaniki usoni, macho mekundu kwa moshi. Angedhani nini? Alipiga ukelele uliofika barabarani! Kabla chungu cha pili cha vitambaa hakijachemka, uani kwangu kulikuwa kumejaa akina mama wenye unga na kuni za matanga, wengine wakikohoa, wote wakilia, "Maskini Anjela!" Mbele yao alikuwa wifi yangu Magdalena, amejifunga kibwebwe, anaomboleza kuwashinda wote. Walikuwa wakija moja kwa moja mlangoni, waingie walale chini kumzunguka marehemu, kama ilivyo desturi. Na chumba hicho ndicho alimokuwa mjukuu wangu!

Nilisimama mlangoni, nikatandaza mikono kutoka mwimo hadi mwimo.

"Hakuna aliyekufa humu!"

Kilio kikakatika. Ndani, mtoto akalia kwa njaa, na kila mmoja akamsikia.

"Wifi," akasema Magdalena, "tangu lini mtu anayepumua akafungwa kaniki?"

"Tangu leo. Nataka aendelee kupumua. Wekeni unga hapo kizingitini, mrudi nyuma."

Ndipo Bi Zuhura aliponikazia macho. Rangi ya ile kaniki mbichi ilikuwa imechuruzika hadi kidevuni na shingoni.

"Yarabi! Mama Anjela ameota ndevu!"

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuchekwa. Tena mnajua. Lakini kicheko cha siku ile kilinishukia kama zaburi, maana kwa mara ya kwanza watu waliokuja kuomboleza kwangu walikuwa wakicheka. Magdalena akajifuta machozi, akanyoosha mkono: "Basi nipe na mimi hizo ndevu, wifi. Nyumbani nina watoto."

Niliwakatia wote, Waislamu kwa Wakristo. Unga wa matanga ukawa uji wa wagonjwa, ukiachwa kizingitini kila asubuhi. Ilipofika Jumamosi, kisimani palikuwa na akina mama wenye videvu vyeusi, wakitaniana kwa fahari!

Jumapili ya tisa, kengele ya kanisa ikilia, jasho lilimtoka Anjela na homa ikamwachia. Na mtoto? Hakukohoa hata mara moja. Aleluya! Ndiye huyu hapa, anayevuta kanga yangu mbele yenu, anataka kukimbia.

Ewe ndugu mwenye mgonjwa nyumbani, mtegemee Bwana kwa moyo wako wote. Kisha inuka, funga kitambaa, fungua dirisha. Usiogope kucheka wala kuchekwa. Nami ninamshukuru Mungu wangu leo kwa sauti kuu, kwa kuwa nikifungua sanduku langu siioni tena ile kaniki. Yote ilikwisha kwa kuwafunga walio hai!